Tangazo la Saa Kumi

Kwetu Heukcheon watu walimjua Eom Pil-sun kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Kila siku saa kumi na mbili kamili asubuhi, vipaza sauti kumi na saba vilivyofungwa kwenye nguzo, kuanzia stesheni ya treni hadi nyumba za mwisho za wachimbaji kule mlimani, vilikoroma kidogo, kisha yeye akaanza: "Ndugu wananchi wa Heukcheon, hamjambo. Hii ni Ofisi ya Habari ya Serikali ya Wilaya." Baada ya hapo ilifuata hali ya hewa, siku ya kufagia mitaro, siku ya kutega panya, na tani za makaa ya mawe zilizotolewa jana. Tani hazikukosekana hata siku moja. Wilaya yetu haikuwa na kitu kingine cha kujisifia. Mto ulikuwa mweusi, theluji ilikuwa nyeusi kabla ya adhuhuri, na watoto shuleni wakiambiwa wachore mto walichukua kalamu nyeusi bila kufikiri. Lakini nchi nzima ilipata joto kwa makaa yetu, na Pil-sun ndiye aliyetukumbusha hivyo kila asubuhi.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, hajaolewa. Baba yake alikuwa mchimbaji, akafa kwa vumbi la kifuani akiwa na miaka arobaini na sita, na mama yake alimfuata baada ya miaka miwili. Aliipata kazi ya ofisini kwa sababu alijua kupiga taipu na alikuwa na matamshi safi, ya watu wa redio. Aliishi katika safu ya nyumba za kampuni, chumba kimoja na jiko, ukuta wa mbao ukimtenga na jirani. Mtu wa nyumba ile ya pili akikohoa, wa huku alimwambia pole.

Jirani huyo alikuwa Seok Jong-man, mchimbaji wa zamu ya asubuhi katika mgodi wa Mukbong. Mkewe watu walimwita Mama Yeong-ran, kwa jina la binti yao wa pekee. Jong-man alikuwa mtu wa mizaha. Alimwona Pil-sun akitoka alfajiri akipita uchochoro wa nyuma, kando ya vyoo, kwa kuwa kwetu mwanamke hamkatizi njia mchimbaji anayekwenda kazini, ni nuksi. Basi Jong-man alimpigia kelele dirishani:

"Bi Eom! Leo usisome kwa sauti tamu sana. Mke wangu akikusikia anaamka mwenyewe, na mimi miaka kumi na mbili namtikisa haamki!"

"Mwache mtoto wa watu aende kazini," Mama Yeong-ran alijibu kutoka jikoni. "Na wewe viatu vyako nani kavigeuza kuelekea mlangoni? Unataka kuniletea balaa?"

Viatu vya mchimbaji huwekwa ncha zikielekea ndani ya nyumba, ili avikumbuke arudi. Mama Yeong-ran aliyashika hayo yote. Hakupakua wali vijiko vinne, maana nne ni namba ya kifo, na chakula cha mumewe alikifunga kwa kitambaa cha buluu, miaka yote.

Mkuu wa Ofisi ya Habari alikuwa Pyo Gyeong-sik, mtu mwembamba aliyekuwa mwalimu zamani, mwenye mabinti wawili waliokuwa wakisoma chuo kikuu Seoul. Hakuwa mkali. Aliyasahihisha maandishi ya Pil-sun kwa wino mwekundu kama anasahihisha insha, na akikuta neno "ajali" alilikata na kuandika juu yake "tukio". Akikuta "tukio" siku ambayo wakubwa wa mkoa wanakuja, alilikata nalo pia. Pil-sun alikwisha kuzoea. Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na mtu mwenye mshahara wa serikali alijifunza upesi kuwa na macho mafupi.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Novemba, mwaka 1981, msimu wa kutengeneza kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya kupitisha majira ya baridi. Uani mwa kila nyumba kabichi zilikuwa zimerundikwa hadi kiunoni, na wanawake walikuwa wamezilaza kwenye chumvi tangu jana yake. Saa nne na dakika ishirini king'ora cha Mukbong kililia. Kililia bila kukatika, na mlio wa namna hiyo kila mtu aliujua. Wanawake walipanda mlima mbio na mikono yao imelowa chumvi, wengine na aproni za plastiki, wengine wamevaa kiatu kimoja.

Maji yaliyokuwa yametuama katika mashimo ya zamani yalikuwa yamevunja ukuta na kuingia njia ya nne. Wachimbaji thelathini na wawili walitoka. Saba hawakutoka, na Seok Jong-man alikuwa mmoja wao.

Pil-sun alitumwa mgodini pamoja na mpiga picha wa ofisi. Saa sita mchana alikuwa amesimama kwenye mdomo wa shimo, daftari mkononi. Mhandisi wa uokoaji alikuwa ameweka sikio kwenye bomba la hewa linaloshuka chini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akainuka, akatikisa kichwa.

"Vipi?" Pil-sun alimwuliza.

"Hakuna kitu. Maji tu."

Aliandika daftarini: saa sita na robo, hakuna kitu, maji tu.

Pale langoni kulikuwa na wanawake kama mia mbili. Katikati yao alisimama Mzee Tak, mchimbaji mstaafu, uso wake umejaa alama za buluu ambako makaa yaliingia chini ya ngozi na hayakutoka tena. Alikuwa akimfokea meneja wa kampuni.

"Mnavuta maji njia kuu ya nini? Maji yakija mtu anakimbilia wapi, chini? Anapanda! Wale watakuwa wamepanda kwenye shimo la zamani, lile kavu la upande wa bonde la misonobari. Fungueni kule! Nipeni watu kumi, leo hii hii tutawafikia."

"Shimo lile lilifungwa kwa amri ya serikali, mzee," meneja alisema.

"Lilifungwa, halafu nyie mkaenda kuchimba chini yake kwa wizi. Mnaogopa likifunguliwa wataona. Mnadhani hatujui?"

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha ofisi ya kampuni. Nani alilirusha, hakuna aliyejua. Mama Yeong-ran alikuwa ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili na anapiga kelele, "Fungueni kwa mzee! Fungueni kwa mzee!" na wanawake wote wakaitikia. Kwa saa nzima hakuna gari lililoweza kuingia wala kutoka. Meneja alianza kutazama simu. Wanaokumbuka siku ile wanasema walibakiza kidogo tu. Lango lingelala, na Mzee Tak angepata watu wake kumi.

Saa tisa na nusu Pil-sun aliitwa arudi ofisini. Mkuu Pyo alikuwa amesimama nyuma ya meza, na karatasi tayari imepigwa taipu. Hakuwa amempa yeye aipige. Pil-sun aliisoma.

"Mkuu, zimesikika kweli?"

"Nini?"

"Hizi sauti. Imeandikwa saa tisa na dakika kumi waokoaji wamesikia bomba likigongwa kutoka ndani. Mimi nilikuwa pale. Mhandisi alisema hakuna kitu."

"Ulikuwa pale saa sita. Sasa ni saa tisa na nusu."

"Nani kasikia?"

Mkuu Pyo alivua miwani akaifuta na tai yake. "Keshokutwa waziri anakuja kufungua ukumbi wa wachimbaji. Mkoani wamenipigia simu mara nne. Wameniambia, kama wewe huwezi kuwatuliza hao wanawake, tutaleta polisi wa kutuliza ghasia kwa malori. Unataka polisi wawapige? Mtu mwenye matumaini harushi mawe, Bi Eom. Na huenda kweli wanagonga. Sisi ni nani hata tuseme hawagongi?"

Aliyasema haya kwa upole. Baadaye Pil-sun aliyarudia maneno yale kichwani miaka mingi, na kila mara aliikuta nafasi ambayo angeweza kusema hapana. Ilikuwa nafasi pana, mtu angepita na mkokoteni. Lakini wakati ule aliwafikiria wale polisi na marungu yao, akafikiria chumba chake na mshahara wake, akaenda kwenye kile chumba kidogo chenye kipaza sauti.

Saa kumi kamili vipaza sauti vilikoroma.

"Ndugu wananchi wa Heukcheon. Hii ni Ofisi ya Habari ya Serikali ya Wilaya. Saa tisa na dakika kumi alasiri, waokoaji wamesikia bomba la hewa likigongwa kutoka ndani ya njia kuu. Ndugu zetu saba wako hai. Maji yanavutwa kwa nguvu zote na watafikiwa muda si mrefu. Familia zinaombwa kurudi nyumbani na kusubiri kwa utulivu, ili zisiwazuie waokoaji."

Aliisoma mara mbili, kama sheria ilivyotaka. Mara ya pili alisikia kutoka mlimani sauti ambayo mwanzo hakuitambua. Ilikuwa vilio vya furaha.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Mama Yeong-ran alimgongea mlango. Macho yalikuwa yamemvimba lakini alikuwa anacheka. Alishika sahani ya kabichi changa iliyokandwa pilipili, na vipande vya nyama ya nguruwe iliyochemshwa.

"Kula, dada. Nimeziwahi, zingelala na chumvi usiku mwingine zingeharibika. Nikasema huyu mwanamume akitoka na njaa zake akute kabichi zimeoza, nitaijibu nini hiyo midomo yake?" Akaushika mkono wa Pil-sun. "Nilikuwa nimekwisha kufa pale langoni. Sauti yako ndiyo iliyonifufua."

Pil-sun aliipokea sahani. Alitaka kusema neno, akasema, "Asante, Mama Yeong-ran."

Langoni hakukubaki mtu isipokuwa Mzee Tak, na yeye alifukuzwa na mlinzi.

Siku mbili baadaye waziri alikuja, akakata utepe, akapigwa picha akiwa amevaa kofia ya mgodi isiyo na tone la vumbi. Pil-sun aliandika maelezo ya picha. Pampu ziliendelea kuvuta. Kila alasiri alimwuliza Mkuu Pyo kama kuna kilichosikika, na mkuu alimjibu, "Soma lile la jana." Alisoma lile la jana. Siku ya tano maji yalishuka, waokoaji wakaingia njia kuu, wakaikuta tupu.

Hapo Mzee Tak hakumwomba mtu ruhusa tena. Alikwenda bonde la misonobari na wachimbaji kumi na wanne wa zamu ya jioni, kila mmoja na sururu yake, wakalivunja shimo la zamani. Waliwafikia baada ya kuchimba kwa saa tisa tu. Saba wote walikuwa juu ya rundo la mbao kavu, wamekumbatiana kwa ajili ya baridi, na maji hayakuwa yamewagusa. Hewa ndiyo iliyokwisha. Kiongozi wa kundi alikuwa na saa ya mkononi, na kwa msumari alikuwa ameandika kwenye nguzo ya mbao tarehe na saa, mara mbili kila siku. Ya mwisho ilikuwa tarehe kumi na nane, asubuhi.

Pil-sun alisimama nyuma ya watu pale bondeni wakati machela zikitolewa moja moja. Mtu mmoja alisema ile tarehe kwa sauti, ikapita mdomo kwa mdomo. Pil-sun alihesabu. Tarehe kumi na nne, saa tisa za kuchimba. Wangefikiwa usiku wa siku ile ile, au kesho yake asubuhi, na wangekuwa na siku tatu za uhai mbele yao. Akakaa chini kwenye majani ya misonobari, na mwanamke mmoja akadhani ni uchungu wa jirani, akampigapiga mgongoni.

Kampuni ilitoa maelezo yake, na Ofisi ya Habari ikayatangaza: sauti za kugonga zilisikika, lakini wachimbaji walihama kutoka njia kuu kwa hiari yao kabla ya kufikiwa. Yalisomwa kwa sauti ya mtu mwingine. Pil-sun alikuwa ameomba ruhusa ya ugonjwa.

Wiki moja baada ya mazishi, alimkuta Mama Yeong-ran akifua uani. Alikuwa akifua nguo za kazi za mumewe, zile alizokuwa ameziacha nyumbani, na maji yalikuwa bado meusi. Nywele zake zilikuwa zimefungwa kwa utepe mweupe wa msiba.

"Kaa, dada," alisema. "Nina jambo nataka kukuuliza, nimeona haya kumwuliza mtu mwingine. Yule aliyegonga. Wewe ulikuwa na karatasi zote. Iliandikwa aligonga vipi? Kwa nguvu? Mara ngapi?"

Pil-sun alikaa kwenye kizingiti.

"Maana nadhani ni yeye. Alikuwa na mkono mzito, kufunga mlango tu nyumba nzima inatikisika. Nikilala nasikia anagonga. Nataka kujua mara ngapi, basi. Mara tatu? Yeye hubisha mara tatu."

Angeweza kusema mara tatu. Jibu lilikuwa limewekwa mkononi mwake. Pil-sun alisimama, akakaa tena, akasema akiangalia beseni:

"Hakuna aliyegonga, Mama Yeong-ran."

"Eti?"

"Hakuna kilichosikika. Nilikuwa pale, mhandisi alisema hakuna kitu. Walinipa karatasi nikaisoma. Nilijua. Sikuwa na hakika, lakini nilijua."

Mama Yeong-ran aliendelea kufua. Alisugua ukosi wa lile shati, akauzungusha, akausugua tena. Kisha mikono ikasimama majini.

"Mimi nilirudi kuosha kabichi," alisema.

Pil-sun alianza kulia.

"Usilie hapa. Nilikuwa nimeshika lango, na lile lango lilikuwa linakwenda. Nikaliacha nikaja kuosha kabichi. Yeye yuko juu ya mbao ananingoja, mimi naonja chumvi." Hakupandisha sauti. "Nikakuletea na nyama. Toka uani kwangu."

Siku iliyofuata Pil-sun alimwona Mkuu Pyo kabla ya kazi kuanza. Alimwambia ataandika maelezo yake ayapeleke kwa mkaguzi wa migodi aliyekuja kutoka mkoani kuangalia ajali ile.

"Kaa chini," mkuu alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Utapata nini? Watafufuka? Mimi nitafukuzwa, wewe utafukuzwa, na kampuni itaendelea kuchimba. Nina watoto wawili wanaosoma, Bi Eom."

"Yeong-ran naye anasoma, Mkuu."

Aliandika kurasa tatu kwa mkono wake, akaambatanisha ukurasa wa daftari wenye maneno ya saa sita na robo. Mkaguzi alizipokea karatasi, akamshukuru. Siku mbili baadaye polisi walimchukua. Walimweka siku nne katika chumba chenye meza na taa, na maswali yalikuwa yale yale.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wakomunisti wa Kaskazini wanakulipa? Redio yao unasikiliza?"

"Mimi ni mtumishi wa wilaya."

"Mtumishi wa wilaya anaitukana wilaya? Daktari anasema una ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tia sahihi hapa kwamba ulikuwa mgonjwa, ukalale kwako."

Hakutia sahihi. Walimchapa makofi, wakamnyima usingizi, na siku ya nne wakamwachia kwa kuwa kulikuwa na watu nje. Mzee Tak alikuwepo, na wajane sita kati ya saba. Walikuwa wamekuja kudai shimo la zamani lichunguzwe, maana maneno ya Pil-sun yalikuwa yamewafikia. Alipotoka walimtazama. Mmoja alimtemea mate miguuni. Mwingine alisema, "Kasuku wa serikali," na mwingine akasema, "Mwache, angalau kasema." Mama Yeong-ran aligeuza uso akatazama barabarani.

Uchunguzi ulifanyika. Ilithibitika kwamba kampuni ilichimba mahali ilipokatazwa. Meneja alifungwa miezi minane, akatoka baada ya mitatu. Suala la tangazo halikuguswa. Mkuu Pyo alihamishiwa mkoani, na barua ya kumwachisha kazi Pil-sun ilisema ni kwa sababu za kiafya.

Alibisha hodi kila mahali. Dukani, posta, shuleni, wote walikuwa na nafasi hadi wasikie jina. Mwishowe, majira ya kuchipua, alikwenda kuomba kazi ya kuchagua makaa. Hiyo ndiyo kazi ambayo kampuni iliwapa wajane: unasimama kando ya mkanda unaotembea, saa nane kwa siku, unatoa mawe katikati ya makaa kwa mikono. Vumbi lilikuwa zito hata mtu aliye hatua tano humwoni sura. Msimamizi alimwambia, "Hapa ni kwa wajane." Mzee Tak, ambaye msimamizi alikuwa mwanafunzi wake chini ya ardhi, alikwenda kuzungumza naye, na Pil-sun akapewa nafasi mwisho wa mkanda, ambako vumbi lote huishia.

Wajane saba walikuwa pale. Mama Yeong-ran alisimama nafasi mbili kabla yake. Wanawake walifunga vitambaa hadi machoni, walitaniana, waliimba, waliwasema wasimamizi kwa matusi ambayo mwanamume asingethubutu. Pil-sun akikaribia waliendelea kuongea, ila hakuna neno lililomlenga. Chakula cha mchana alikula peke yake, ameegemea ukuta. Hakujitetea. Siku ya kumbukumbu ya vifo vile alikuja kazini kama kawaida, wenzake wakiwa makaburini, akachagua makaa ya mkanda mzima hadi vidole vikatoka damu.

Ilipita miaka miwili na miezi. Siku moja ya baridi kitambaa cha mkono wake kilinaswa na gurudumu la mkanda, mkono ukavutwa, bega likafuata. Hakupata hata kupiga kelele. Mkanda ulisimama ghafla. Mama Yeong-ran alikuwa ameivuta kamba ya kuzimia mashine, na sasa alikuja na kisu cha kukatia magunia, akakikata kile kitambaa kwa hasira kama anakata kamba ya mbuzi.

"Usife hapa," alimwambia. "Ukifa watatuita sisi tukuoshe, na mimi sikuoshi."

"Ndiyo, Mama Yeong-ran."

"Funga mikono yako vizuri. Mtu mzima hajui kufunga mkono."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza baada ya muda wote ule, na kwa muda mrefu yalibaki kuwa ya mwisho. Lakini kuanzia siku ile, asubuhi, Mama Yeong-ran alipopita alitupa jicho kwenye mikono ya Pil-sun kuona imefungwaje.

Mwaka 1989 serikali iliamua makaa hayana faida tena. Mukbong ulifungwa mwezi wa sita. Watu waliondoka safu kwa safu. Leo nyumba hii ina moshi, wiki ijayo madirisha yamechukuliwa. Mama Yeong-ran alikwenda Ansan, mjini kwenye viwanda, kwa binti yake aliyekuwa akishona mabegi. Malori ya kuhamisha yalipakia mchana, Pil-sun akasimama mlangoni kwake. Mama Yeong-ran alipanda mbele pamoja na dereva. Aliinamisha kichwa kidogo, labda kwa Pil-sun, labda kwa ile nyumba, gari likaondoka.

Pil-sun alibaki. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana, na daktari wa hospitali ya wachimbaji alimwambia ni vumbi, ila yeye kwa vitabu vyao si mchimbaji, kwa hiyo dawa atajinunulia. Alipanda viazi na kabichi katika kiwanja kilichoachwa. Mto ulianza kupata rangi nyingine. Ofisi ya Habari ilihamia jengo jipya la vioo na ikaanza kutangaza hewa safi ya Heukcheon, uyoga wa Heukcheon, theluji nyeupe ya Heukcheon. Mwaka wa ishirini tangu ajali, alikwenda pale akaomba majina saba yasomwe tarehe kumi na nne. Kijana wa mapokezi alimpa kiti, akamletea chai, akamwambia aandike barua. Aliandika. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limepigwa mhuri, lenye lugha ya adabu: ofisi ilikuwa imetafuta katika kumbukumbu zake za mwaka 1981 na haikuona taarifa yoyote ya tukio kama hilo.

Aliijua sababu. Matangazo ya mwezi ule aliyapanga yeye mwenyewe kwenye jalada, na alilijua neno ambalo wino mwekundu uliliondoa.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata simu ililia kwake asubuhi. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, na Pil-sun hakuitambua.

"Ni mimi Yeong-ran. Binti wa Seok Jong-man, wa nyumba ya pili."

"Yeong-ran! Mama hajambo?"

"Mama amefariki jana. Kifua. Alikuwa amesema uambiwe."

Pil-sun alitaka kukaa sakafuni, waya wa simu ukamzuia nusu njia. "Alisema nini tena?"

"Hakusema kingine, mama mdogo. Alisema tu, mwambieni yule wa tangazo."

"Sawa," Pil-sun alisema. "Sawa, mwanangu. Nipe jina la hospitali mlikoweka msiba, polepole, nina kalamu."

Aliandika jina la hospitali, namba ya chumba cha msiba na basi la kupanda kutoka Seoul. Alirudia yote kwa sauti ili asikosee, na Yeong-ran upande wa pili akasema ndiyo, ndiyo, ni hivyo hivyo. Kisha akafungua kabati akatafuta nguo nyeusi. Basi la kwanza la kutoka Heukcheon lilikuwa la saa tatu.